Profesa wa Ampia

Jina langu ni Jabiri, na kwa miaka miwili watu zaidi ya mia waliniita Profesa. Sijawahi kufundisha popote. Mie ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Temeke: napokea barua, nazigonga mhuri, naziingiza kwenye majalada yake. Fizikia ya kidato cha nne nilipata F. Ofisini nikitoa hoja kwenye kikao, mwenyekiti husema, "Sawa, Jabiri," halafu humgeukia mtu mwingine aendelee.

Kwenye kundi letu la WhatsApp nilikuwa mtu. Kundi liliitwa Besi Nzito, la watu wanaopenda kujitengenezea maboksi ya muziki. Unatafuta spika, amplifaya ndogo, na betri zilizochomolewa kwenye laptopu mbovu, unavifunga vyote ndani ya boksi la mbao, unapata sabufa ya kubeba begani inayopiga hata umeme ukikatika mtaa mzima. Walikuwamo madereva, walimu, vinyozi, wauza mitumba. Jumapili ya pili ya kila mwezi tulikutana Tandika, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala la nafaka, kila mmoja na boksi lake, tunapimana besi mpaka mabati ya ghala yanalia.

Uprofesa niliupata kwa maneno. Nilikuwa natazama video za Wazungu kwenye simu, Kiingereza chao nakielewa nusu, lakini maneno nayadaka. Impidansi. Fazi. Mtu akilalamika kwamba boksi lake linakoroma, namjibu, "Hiyo ni impidansi, braza, icheki." Anashukuru. Mara nyingi sikujua nasema nini. Nilichojua ni kwamba neno likiwa zito, watu hunyamaza na kusubiri uendelee. Siku moja mtu aliuliza kundini, "Hivi Profesa kasomea wapi?" Kabla sijajibu, mwingine akaandika, "Huyo ni wa chuo cha ufundi, umeme mkubwa." Niliisoma ile. Nikatuma kidole gumba.

Katika maneno yote, lililonipa heshima zaidi lilikuwa ampia. Kila betri ya laptopu ina namba ubavuni, tuseme elfu mbili na mia tano. Mie nilizoea kuigawa kwa elfu na kusema betri hiyo ina ampia mbili na nusu. Ukizifunga kumi pamoja, una ampia ishirini na tano. Juu ya hapo nikajenga kanuni ambayo sikuisoma popote. Nilisema fyuzi, kile kidude kinachokatika ili kuzuia umeme ukizidi, lazima ilingane na ampia za betri. Betri ya ishirini na tano, fyuzi ya ishirini na tano. Ilikuwa rahisi kuikumbuka. Kundi zima likaishika, wakaiita Kanuni ya Profesa, na mgeni akiuliza habari za fyuzi, wenyeji walimjibu hata kabla yangu.

Mwezi wa sita alikuja Kokuberwa.

Alitokea Kimara, dada mrefu, mpole wa sauti, na boksi lake alilibeba kwenye mfuko wa rambo kama mtu anayetoka sokoni. Tulipolifungua tuliona waya zimelazwa kwa mstari, kila moja imefungwa vizuri. Nilipomuuliza kazi yake alisema ni fundi kwenye mitambo ya umeme wa gesi kule Kinyerezi. Katika miaka yote miwili hakuwahi kufika pale mtu anayelipwa kwa kujua umeme.

Siku hiyo nilikuwa nawaelekeza wageni watatu, nimeshika betri mkononi, watu wametuzunguka. Nikatamka kanuni yangu kama kawaida.

"Kaka Jabiri, samahani kidogo," Kokuberwa akasema. "Hiyo namba siyo ampia."

"Siyo ampia ni nini?"

"Ni ampia-saa. Inasema betri imebeba kiasi gani kwa jumla. Ampia zenyewe ni kasi ya umeme unaopita kwenye waya." Akaangalia huku na huku kutafuta mfano. "Ni kama tenki la maji. Ukiniambia tenki lako ni la lita elfu, sijui bado bomba lako linatoa maji kwa kasi gani. Sasa fyuzi nayo unaipima kwa waya, kaka. Fyuzi inalinda waya. Ukiifuata betri, waya unaweza kuungua na fyuzi ikautazama tu."

Aliyasema bila dharau hata chembe. Alinisogelea, akashusha sauti, kama anayekutoa uzi kwenye shati. Ningeweza kumwambia, "Hebu nieleze tena." Lakini watu walikuwa kimya wanamsubiri yeye aendelee, na ule ukimya nilizoea kuwa wangu.

"Dada yangu," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "sie huku tunafunga sabufa. Matenki na mabomba wapelekee mafundi wa vyoo."

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Suhaib, kinyozi wa Kiwalani, kijana wa miaka ishirini na sita aliyenipenda kama kaka yake. Akapandisha sauti ya boksi lake mpaka mwisho, na Kokuberwa aliyekuwa bado anasema neno akaonekana midomo tu. Alisubiri kidogo. Kisha akalirudisha boksi lake kwenye mfuko wa rambo, akaondoka.

Jioni yake aliandika kundini maelezo marefu, ametulia, na mchoro wa kalamu alioupiga picha. Watu wakamjibu kwa vikaragosi vya ndoo na bomba. Wakambatiza Madam Tenki. Mie sikuandika kitu, nilichagua kile kikaragosi kinachotoa machozi ya kicheko nikakibandika chini ya mchoro wake. Dakika chache baadaye ukatokea ule mstari mdogo: Kokuberwa ametoka.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Baada ya swala ya magharibi siku hiyohiyo nilikaa peke yangu na karatasi ya maelekezo iliyokuja na amplifaya yangu, ile ambayo watu huitupa na boksi. Ilikuwa ya Kiingereza. Nikaipiga picha, simu ikanitafsiria. Kulikuwa na jedwali: unene wa waya upande huu, fyuzi upande ule. Betri haikutajwa hata mara moja. Nikatafuta kwingine, na kwingine. Kila nilikogusa nilimkuta Kokuberwa. Mke wangu Chausiku aliniuliza mbona uso umenishuka, nikamwambia kichwa kinauma.

Kwa hiyo nilijua. Nataka hili lieleweke. Mambo yaliyofuata yalinikuta nikiwa najua.

Nilijipa sababu. Nilisema nitasahihisha polepole, kidogo kidogo, hadi watu wasione kwamba nimegeuka. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Suhaib akaandika kundini.

Dada yake Hamisa alikuwa anaolewa. Suhaib alikuwa amejenga boksi kubwa kuliko yote aliyowahi kujenga, kwa ajili ya sherehe ya hina Jumamosi, nyumbani kwao. Akatuma picha. Boksi limepakwa rangi ya dhahabu, ndani limejazwa sponji. "Profesa," aliandika, "mambo yameiva. Betri ampia ishirini na tano kama ulivyonifundisha. Fyuzi ishirini na tano, si ndiyo? Nataka Jumamosi Kiwalani ipasuke."

Niliikuza ile picha kwa vidole. Waya aliotumia ulikuwa mwembamba, ule mwekundu na mweusi wa kufungia vispika vidogo vya kwenye dari. Kwa lile jedwali, waya ule ulitaka fyuzi ya tano. Nikaandika, "Weka tano, au badili waya." Kabla sijatuma, mtu akatangulia: "Kanuni ya Profesa hiyo, haijadiliwi." Mwingine akaongeza, "Au tumwite Madam Tenki?" Vicheko vikajaa skrini.

Nikafuta nilichoandika. Ningeweza kumpigia Suhaib pembeni, wawili tu. Hilo nalo nililifikiria, na nikaona atauliza kwa nini, na nitalazimika kusema, na yeye ana mdomo mwepesi. Nikajiambia boksi litapiga masaa mawili matatu, na sauti haitafunguliwa mpaka mwisho. Nikaandika: "Ishirini na tano. Usiogope."

Jumamosi saa kumi alasiri nilikuwa dukani Tandika nanunua gundi ya mbao. Simu ikaanza kutetemeka bila kukoma. Video ilikuwa ya sekunde arobaini. Unaona ukumbi wa nyumba umejaa wanawake wenye khanga za sare, taarabu imekolea, halafu moshi mweupe unatoka kwenye tundu la boksi. Mtu anapiga ukelele. Sponji linashika moto, boksi linalia pwaa, pwaa, betri zinapasuka moja baada ya nyingine. Suhaib anaingia mbio akitokea uani. Mlango wa mbele umezibwa na watu wanaosukumana, na bibi harusi amekaa pale chini, miguu imepakwa hina mbichi, hawezi kusimama upesi. Suhaib analikumbatia lile boksi linalowaka, analitoa kwa mlango wa nyuma, analitupa uani. Video inaishia anapoinua mikono yake na kuitazama.

Sikumbuki nililipia gundi au la.

Waliniambia aliungua mikono yote miwili, wa kulia zaidi, na kidogo kifuani. Wengine wote walitoka salama. Kundini hakuna aliyenitaja. Kufikia jioni walikuwa wameshakubaliana: betri feki. Suhaib aliziokota kwa nani? Kwa mzee Badru, yule anayeuza betri kuukuu juu ya meza pembezoni mwa barabara, Kiwalani. Basi ni yeye. Watu walimtukana mzee ambaye hata simu ya kusomea matusi hayo hakuwa nayo.

Siku ya nne Suhaib aliruhusiwa kutoka hospitali, nikaenda kumwona. Nilibeba machungwa. Mama yake, Bi Zubeda, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Profesa? Karibu, karibu. Suhaib hanywi chai bila kukutaja."

Walikuwapo wajomba wawili wamekaa kwenye kochi. Akamwinua mmoja ili nikae mie. Ukuta wa ukumbi ulikuwa mweusi mpaka darini, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado imo ndani. Suhaib alilala kwenye godoro, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko, kama mtu aliyevaa glovu za bondia.

"Profesa," akasema, akajaribu kutabasamu. "Nimekuangusha. Sijui nilikosea wapi. Nilifuata kila kitu."

Sikuweza kumtazama. Nilimenya chungwa, nikatoa kokwa moja moja, nikamlisha kipande mdomoni kwa sababu yeye hakuweza kushika. Akatafuna, akasema, "Asante, braza."

Mjomba mmoja akakohoa. "Tueleze wewe mwenye elimu, mwanangu. Kitu gani kilichomuunguza kijana wetu?"

Wote wakanyamaza. Ulikuwa ukimya uleule niliouzoea, wa watu wanaosubiri niseme. Na mie nikasema hivi: "Betri zile za mitaani hazina uhakika, mzee wangu."

"Nilisema!" mjomba akapiga goti. "Nilisema ni yule Badru."

Ndipo nikaelewa kwamba mambo yameshakwenda mbali. Vijana wa mtaa walikuwa wameipindua meza ya mzee Badru siku ya pili tu, na vitu vyake vikatawanywa mtaroni. Sasa familia imemshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, na shauri litasikilizwa Jumatatu asubuhi. Bi Zubeda akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Utuombee ruhusa kazini, mwanangu, uje. Sie hatujui haya mambo. Wewe useme, kila mtu asikie."

Nikamwambia nitakuja.

Ijumaa niliwahi kutoka ofisini nikaenda Kinyerezi. Namba ya Kokuberwa nilikuwa nayo, lakini kumpigia niliona ni ujanja, maana angeweza kukata nami ningejisifu kwamba nilijaribu. Nilisimama nje ya geti la mitambo hadi zamu ya mchana ilipotoka. Alinitambua mara moja. Hakushangaa wala hakununa.

"Nimeiona ile video," akasema.

Tukasimama chini ya kivuli cha ukuta. Nikamweleza yote, hata ile karatasi ya maelekezo, hata lile jibu la Jumatano. Nilipomaliza nikamwambia nilichofuata: aje naye Jumatatu, aeleze yeye mambo ya waya na fyuzi, kwa kuwa yeye ni fundi kweli na watamwamini.



"Nije niseme nini, kaka? Kwamba fyuzi inalinda waya? Nilishasema." Akahamisha mkoba wake bega la pili. "Mie nimelala vibaya wiki nzima. Nawaza, ningebaki kundini. Ningempata yule kijana pembeni. Nilikasirika, nikatoka, nikasema potelea mbali, waungue. Niliyasema hayo maneno nikiwa peke yangu, jikoni. Sasa yananirudia. Hilo ni la kwangu, nitalibeba. Lakini la kwako siwezi kulisema mie."

"Watanionaje?"

"Sijui," akasema. Kisha akaongeza kwa upole uleule wa siku ya kwanza, "Yule mzee muuza betri nilinunuaga kwake. Betri zake si mbovu. Anazipima kabla hajakuuzia."

Akaaga, akaenda zake.

Jumatatu ofisi ya serikali ya mtaa ilijaa. Ni chumba kimoja, meza na mabenchi, watu wengine wamesimama dirishani. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aitwaye Jenipher, mtu wa Mbeya, anayeongea taratibu na haruhusu mtu kumkatiza mwenzake. Mzee Badru alikaa peke yake kwenye benchi la kushoto, kanzu imefuliwa hadi inaonekana ndani, kofia ameishika magotini. Upande wa kulia walikuwa Bi Zubeda, wajomba, na Suhaib na bandeji zake.

Mjomba alieleza malalamiko. Mzee Badru alipoulizwa, alisema maneno machache: yeye hupima kila betri, mbovu anaitupa, na zile za Suhaib alizipima mbele yake.

"Kweli alizipima," Suhaib akasema. "Ila mie sijui kama kipimo chake ni kizima."

"Basi tumsikie mtaalamu," mwenyekiti akasema. "Bwana Jabiri."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu alfajiri, yote yakanitoka.

"Mie si mtaalamu," nikasema. "Ni karani wa masjala. Sikusoma umeme popote. Fizikia nilifeli."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu.

"Betri za mzee huyu hazina kosa. Kosa ni fyuzi. Suhaib aliweka fyuzi kubwa mno kwa ule waya. Muziki ulipofunguliwa sana, umeme mwingi ukapita, waya ukapata moto, sponji likashika. Fyuzi ndogo ingekatika mapema, boksi lingezima tu, basi. Ile fyuzi kubwa nilimwambia mimi aiweke. Nimewaambia watu wengi hivyo, miaka miwili, kwa neno ambalo sikujua maana yake."

"Kwa hiyo ulikosea kwa kutojua," mwenyekiti akasema, na niliona ananifungulia mlango. Ulikuwa mlango mzuri. Bi Zubeda tayari alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, midomo inasema binadamu, binadamu.

"Hapana, mama. Nilijua. Wiki tatu kabla, kuna dada alinisahihisha mbele za watu. Nikamfanyia mzaha mpaka akaondoka. Jioni yake nikasoma, nikaona yeye ndiye mkweli. Suhaib aliponiuliza, nilikuwa najua. Niliona aibu kusema nimekosea. Nikamwambia asiogope."

Nje gari la matangazo lilipita likitangaza mechi, likaenda likipotea. Nikasikia benchi linasogezwa; alikuwa Suhaib, amesimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ile Jumatano? Nilipotuma picha?"

"Ndiyo. Niliuona waya."

"Na juzi? Umenilisha chungwa, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, Suhaib."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la aliye mbele yake. Kisha akamgeukia mama yake. "Twende nyumbani," akasema. Bi Zubeda alijifunga ushungi vizuri, akapita karibu yangu. Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Hakunijibu. Mpaka leo kati ya yote ya siku ile, kupita kwake bila kunijibu ndiko kunakonijia nikiwa kazini nagonga mihuri, mkono ukasimama hewani.

Mzee Badru hakunishukuru, na kwa nini anishukuru? Alibaki kwenye benchi hadi watu wakapungua, akamwambia mwenyekiti, "Naomba iandikwe. Iandikwe kwamba betri zangu ni nzima, na ugonge mhuri." Mama Jenipher akaandika. Vijana waliopindua meza wakaamriwa waitengeneze, nami nikaomba niwe pamoja nao. Tulikuwa wanne, juani, tunapigilia misumari, hakuna anayenisemesha. Ile barua mzee aliitia kwenye mfuko wa nailoni akaitundika juu ya meza, kila mpita njia aisome.

Jioni nilimweleza Chausiku. Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua macho mpaka nilipomaliza. "Siku ile uliponiambia kichwa kinauma," akasema, "ndiyo siku hiyo?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Basi kaandike na kule kundini. Umeanzia huko."

Nikaandika. Niliandika kwa Kiswahili chepesi, bila neno hata moja la kujionesha: namba ya betri ni ukubwa wa tenki, fyuzi ifuate waya, aliyesema haya ni Kokuberwa na tulimcheka, na Suhaib ameungua kwa sababu yangu. Nilidhani watanifukuza. Wengine walinitukana kweli, nikaona afadhali. Kilichoniumiza ni wale walioniandikia, "Profesa, usijishushe, makosa ya kawaida," na yule aliyeuliza palepale, chini ya ujumbe wangu, "Sasa betri yangu ya ampia thelathini niweke fyuzi ya ngapi?" Nikamjibu, anitumie kwanza picha ya waya. Akanijibu kwamba waya hauna ishu, yeye anauliza ampia. Mpaka leo hii wengi wao wanaisema vilevile nilivyowafundisha. Neno nililitoa kwa siku moja. Kulirudisha sijaweza kwa mwaka mzima. Wakati mwingine nakutana na mtu nisiyemjua, sokoni au msibani, ananieleza habari za fyuzi kwa kujiamini, namsikia anasema vilevile nilivyokuwa nasema mie.

Kokuberwa nilimwandikia kumwomba arudi. Alijibu kwa adabu kwamba amepata wenzake wachache Kimara, wanakutana nyumbani kwake, inamtosha.

Mikono ya Suhaib ilipona kwa miezi mitano. Wa kushoto uko sawa. Wa kulia, vidole viwili vya mwisho havikunji vizuri, na ngozi yake ni laini, inang'aa. Amerudi kwenye kazi yake ya kunyoa. Mashine anaishika, ila wembe wa kuchonga ndevu amemwachia mwenzake, dada mmoja aitwaye Editha, ambaye zamani alikuwa anaosha nywele tu. Wateja wanasema Editha ana mkono mwepesi.

Nilikwenda pale mara ya kwanza mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Nilichelewa kwa miezi kwa sababu sikujua niende kama nani. Nilikaa kwenye benchi na wateja wengine. Suhaib aliniona kwenye kioo. Alimaliza kichwa alichokuwa nacho, akapangusa kiti, akaita, "Anayefuata." Nilikuwa mie. Nikasimama.

"Shikamoo," akasema, kwa sababu mie ni mkubwa wake na mama yake amemlea vizuri.

"Marahaba, Suhaib."

Hakuniita Profesa, hakuniita braza. Akaonesha kwa kidevu kiti cha pili, cha Editha.

"Kaa kile," akasema, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Nikakaa. Editha akanifunga shuka shingoni, akaniuliza nataka mtindo gani. Nikamwambia apunguze tu.